Sakafu Nyekundu ya Bafu la Sumie

Kihachi na rangi walikuwa paka na panya. Mashati meupe, gari jeupe, kuta nyeupe. Ukimwandalia chai kwenye kikombe cha bluu, ananuna. Kwa hiyo Sumie, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini, alipomwonyesha mchoro wa bafu jipya, kuta za rangi ya chungwa na hodhi la rangi ya manjano iliyokolea, alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Sakafu je?" mzee akauliza.

"Kijivu. Nimekuhurumia."

"Weka nyekundu. Nyekundu ya pilipili."

Sumie akapigwa na butwaa. Murase, fundi aliyeleta mchoro, akacheka, "Mama, mzee umemlisha nini?" Naye Sumie, jamani, alivimba kichwa! Aliwatangazia majirani wote kwamba mumewe kaanza kumpenda uzeeni.

Bafu likakamilika. Kihachi alitangulia kuoga kama ilivyo desturi, akijisugua kwanza akiwa sakafuni, nje ya hodhi, ndipo akajiloweka hodhini. Sumie alifuata katika maji yaleyale, na kwa kuwa ndiye wa mwisho, kusafisha kulikuwa kwake. Jioni moja alipitisha kitambaa cheupe kwenye maungio ya vigae, kikatoka na wekundu. Akapandwa na hasira, akampigia fundi simu.

"Vigae vyako vinachuja! Umeniuzia takataka?"

Asubuhi Murase alifika, akapiga magoti, akamwaga maji ya moto, akasugua kigae kwa nguvu zake zote. Kitambaa chake kikabaki cheupe pepe.

"Mama, hivi vimechomwa kwenye tanuri. Havichuji hata ukivichemsha."

Sumie akakitazama tena kitambaa chake cha jana. Madoa yalikuwa yamegeuka kahawia. Alipoinua macho, Kihachi alikuwa amesimama mlangoni, kainamisha kichwa.

"Baba Chizuru," Sumie akamwita mumewe, "unatoka damu?"

"Nikikohoa."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ule mchoro." Akaitazama sakafu. "Kwenye kijivu ungeiona."

Fundi akajifanya anafunga mkoba wake. Sumie hakujua amkumbatie mumewe au amzabe kofi.

"Miaka arobaini tunaoga maji mamoja," akasema, "leo ugonjwa unataka kuugua peke yako?"

Akamshika Kihachi mkono, akamvuta.

"Vaa viatu. Murase, washa gari, tunakwenda hospitali."