Kenchi za Nyumba ya Saba

Tulikuwa kaya saba kwenye kikundi chetu cha ujenzi pale Kasokola, na mimi ndiye niliyekuwa fundi seremala. Miti ilikuwa yetu wenyewe. Miaka kadhaa kabla ya hapo tulipanda mikaratusi kwenye shamba la kikundi, tukakubaliana hakuna atakayeingiza mbao ya mninga wala mkurungu kutoka porini, maana pori lilikuwa linaisha tunaliona. Mkaratusi mchanga unapinda ukikauka, kwa hiyo nilijifunza kuukata vipande vifupi na kuviunga kuwa kenchi imara za kubeba paa. Nguzo za baraza nilizisimamisha juu ya mawe ili mchwa wasipate njia. Mabati niliyavusha mbele ya ukuta ili mvua isilambe matofali mabichi. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo mpaka leo.

Utaratibu ulikuwa nyumba moja kwa wakati. Wote tunajenga kwa mmoja, tukimaliza tunahamia kwa mwingine. Siku ya kupanga zamu, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya upole sana, aliuliza nani yuko tayari kuwa wa mwisho. Akasimama mama mmoja wa Kisukuma. Yeye na mumewe walifika na ng'ombe kutoka kaskazini mwaka uleule tulipopanda miti. Sisi kaya nyingine sita tulikuwa wenyeji.

"Tumewakuta nyie hapa," alisema. "Anzeni nyie."

Tukampigia makofi.

Katika nyumba zote sita hakukosa siku. Mumewe alileta mkokoteni wake wa ng'ombe, ukabeba mawe, mchanga na magogo ya kila mtu. Yeye alifyatua matofali, mtoto mgongoni. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu, na kila kenchi niliyoipandisha juu, yeye ndiye aliyeisukuma kutoka chini. Mbele yake tulimwita mayu, yaani mama, kama wanavyoitana kwao. Akiondoka tuliiga Kiswahili chake tukacheka. Niliyekuwa naiga vizuri kuliko wote ni mimi.

Nyumba ya sita ilipokwisha, tulipaswa kuhamia kwake. Kuta alikuwa amekwishazipandisha yeye na mumewe. Siku ya kwanza tulifika wawili, mwenzangu akaondoka mchana akisema ana mpunga wa kuangalia. Siku zilizofuata nilikuwa peke yangu. Hata hivyo nilikata kenchi zake zote, nikazipaka oili chafu, nikaziegemeza ukutani. Zilibaki kupandishwa tu, na kupandisha kunataka watu.

Ndipo mwenyekiti akaniita kwake.

"Fundi, kuna wageni wanakuja kutoka mjini kuangalia kazi yako," alisema. "Nataka banda la mikutano liwe limesimama. Zile kenchi si zipo tayari?"

"Zile ni za mayu."

"Wale ni watu wa ng'ombe. Majani yakiisha wanahama. Unataka paa letu libaki linafunika mbuzi?"

"Nani atamwambia?"

"Kwani lazima aambiwe?"

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza wale wageni, na kazi watakazonipa huko mjini. Kesho yake nilikwenda kwa mume wa mayu. "Shemeji," nikamwambia, "hizi kenchi zinataka oili tena, la sivyo mchwa watazimaliza. Tuzipeleke uwanja wa kikundi." Akafunga ng'ombe mwenyewe, akapakia mwenyewe, akatandika magunia chini zisichubuke. Mkewe akaniletea kikombe cha maziwa. Nikanywa.

Kabla wiki haijaisha kenchi zilikuwa juu ya banda. Mayu alikuja akasimama chini anaziangalia. Asingeweza kukosea kuzitambua. Nilipokuwa nazipima, alishika upande wa pili wa kamba.

"Fundi, hizi si zangu?"

"Tutakata nyingine."

"Lini?"

"Miti ipo, mayu."

"Najua ipo, nimeimwagilia. Nauliza lini."

Nikaendelea kugonga misumari.

Mvua za kwanza zikaanza, na kuta zake zikiwa wazi. Akapita nyumba kwa nyumba, zile sita. Hakuomba mbao. Aliomba siku moja tu ya kila mtu, kama alivyotoa zake. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine shamba, mwingine mgongo. Mwenyekiti alimwambia Wasukuma wana ndugu wengi, awaite. Kwangu alifika mwisho, nguo zimemganda mwilini, akakuta nimekaa barazani pakavu.

"Nipe kesho, fundi."

"Kesho nina kazi Nsemulwa."

"Keshokutwa?"

"Mayu, mtu mmoja hapandishi kenchi."

"Kenchi zenyewe hazipo. Nataka unifunike kuta kwa miti na nyasi, nitakusaidia." Akaningoja. "Au sema tu hutaki."

"Sitaki," nilisema.

Nilidhani nikisema kweli nitajisikia mwepesi. Alitingisha kichwa mara moja, akarudi kwenye mvua.

Siku chache baadaye ukuta wa nyuma ulianguka ukamvunja mumewe mkono. Kwenye mkutano wa kikundi jambo lile lilizungumzwa kidogo. Tulikubaliana kwamba yule mama hakujua kufyatua matofali. Matofali ya nyumba zetu sita aliyafyatua yeye, na hakuna aliyelisema hilo. Mimi pia sikulisema.

Wageni walikuja. Wakapiga picha kenchi, wakagusa mawe ya nguzo, wakaandika. Mmoja wao, kijana mpole mwenye miwani, aliuliza kama kaya zote za kikundi zimepata nyumba. Mwenyekiti akanigeukia mimi, eti fundi ndiye anayejua.

"Zote," nilisema.

Wakati huo mayu na mumewe walikuwa wanaishi chini ya turubai, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Wakahama kabla ya mavuno. Mwenyekiti akasema, si niliwaambia, watu wa ng'ombe.

Mwaka huu nilikutana na mumewe Ilembo, njiani. Mkono wake haunyooki. Alinisalimia vizuri, nikampa pole, nikauliza hali ya mayu.

"Hajambo," alisema. "Tumejenga hukuhuku. Alinikataza nisiongee na wewe."

Aliongea bila hasira, kama mtu anayefikisha ujumbe aliotumwa. Kisha akavuka barabara. Mimi nilikuwa nimekwenda Ilembo kupima paa la mtu aliyeipenda kazi yangu ya kwenye banda. Nikaenda, nikapima.