Waya wa Mota ya Kiruruma

Nilitumikia idara ya maji kama mtunza kumbukumbu, na nilipostaafu niliamini nimemaliza. Wanakijiji wa Kiruruma hawakuamini hivyo. Walinichagua katibu wa kamati ya maji, na mota ya pampu ilipoungua mara ya pili, mkutano uliazimia kwamba katibu hatakabidhi kitabu wala ufunguo wa nyumba ya pampu mpaka maji yatoke. Azimio hilo nililiandika mimi mwenyewe na kulitia sahihi. Mke wangu alikwisha kutangulia Muleba, kwenye kibanja chetu, na kila jioni alipiga simu kuuliza ninakuja lini.

Kinamama walioshuka bondeni na madumu walinisalimia kwa adabu iliyozidi kipimo. “Shikamoo katibu. Bado umepumzika?” Ilinichoma, kwa sababu sikuwa nimeharibu kitu. Aliyeharibu, kwa mujibu wa kumbukumbu, alikuwa fundi wa Kituntu aliyeisuka mota, yaani kuizungushia waya mpya, ilipoungua mara ya kwanza. Barua ya kumlaumu kwa uzembe niliiandika mimi pia, na tangu isomwe hadharani hakuna aliyempelekea kazi.

Safari hii niliipeleka mota Omurushaka kwa fundi mwingine, mama wa makamo, mke wa muuza vipuri. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, akaniomba nishike waya. Nilikaa kwenye kigoda, waya wa shaba ukipita ndani ya kitambaa nilichokibana kwa vidole, naye akizungusha mkono wa mashine. Ningeachia, mizunguko ingevimba na kukataa kuingia kwenye mifereji ya chuma iliyo ndani ya mota. Kwa hiyo sikuweza kujikuna, wala kupokea simu iliyolia mfukoni.

Nilibana kwa nguvu, kama inavyostahili kazi ya umma. Baada ya mizunguko michache alisimamisha mashine.

“Mzee, legeza. Hii si kamba ya mbuzi.”

Nilimweleza kwamba koili iliyolegea hutikisika na kujisugua, hivyo waya sharti ukazwe. Hakubishana. Alikata kipande cha waya wa zamani ambacho hakikuungua, akapima unene wake, kisha akapima waya mpya wa namba ileile. Ule wa zamani ulikuwa umekonda. Akanipa kioo cha kukuzia: vanishi iliyoufunika, ile inayozuia shaba isigusane na shaba, ilikuwa imejaa nyufa.

“Aliyesuka hii,” aliuliza, “alikuwa na hasira na nani?”

Nilimrudishia kioo. Siku mota iliposukwa mara ya kwanza nilisimama nyuma ya fundi wa Kituntu kwa niaba ya kamati, na kila alipolegeza nilimwamuru akaze. Aliniambia mara mbili kwamba waya unavutika. Nilimjibu kwamba msimamizi ni mimi. Hayo hayakuwamo katika barua.

Tulifanya kazi siku mbili. Alinifundisha kusikiliza: waya ukilia kwenye kitambaa, legeza, ukilegea hadi kubonyea kabla ya kufika kwenye mashine, kaza kidogo.

Maji yalitoka. Mkutano uliitishwa, ajenda ya kwanza ikiwa taarifa ya mota, ya pili makabidhiano. Mizigo yangu ilikuwa imefungwa. Ningetamka kwamba maji yametoka na kuketi, hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini nakala ya barua ile ilikuwamo ndani ya kitabu nilichokuwa karibu kukikabidhi, nayo haikuwa kweli. Niliisoma upya, nikaifuta mbele yao, nikamtaja aliyeamuru waya ukazwe.

Fundi wa Kituntu alikuwa amekaa nyuma. Hakunishukuru, wala hakupaswa.

“Iandikwe, mzee,” alisema. “Kama ile nyingine ilivyoandikwa.”

Niliandika. Mwenyekiti alipofikia ajenda ya pili, mama mmoja alisimama.

“Huyu sasa anajua mota inaunguzwa na nini. Tukimwachia aende Muleba, ikifa tena tutamuuliza nani?”

Walicheka, kisha wakanyoosha mikono, karibu wote. Nilipinga kwa hoja: azimio la awali lilikuwa wazi, na sharti lake limetimia. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

“Katibu,” alisema, “andika.”

Azimio jipya halikutaja mwisho wa utumishi wangu. Jioni nilimsomea mke wangu kwenye simu, neno kwa neno. Aliuliza kama aliyeliandika ni mimi.