Nilikwenda Kinango Kutafuta Moto Usio na Moshi

Nilisafiri kwa sababu ya kifua cha mama. Sisi ni watu wa mahamri hapa Msambweni. Mama anakaanga tangu kabla sijazaliwa, na jiko letu la kuni limo ndani ya kibanda cha makuti kisicho na dirisha. Mwaka huu daktari alimwambia waziwazi achague, moshi au pumzi. Mama alichagua mahamri. Basi niliposikia kwamba huko Kinango kuna mwanamke anayepikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe, nilitenga akiba yangu yote nijenge mtambo kama wake, kisha nikampigia simu. "Usiulize kwa simu," aliniambia. "Njoo uone kwa macho."

Nilitoka Jumatano asubuhi na mapema, mama akiwa mbele ya karai, anageuza na kukohoa. Shemeji yangu alinibeba kwa pikipiki yake. Tulipita Ukunda, na pale Ng'ombeni tukaiacha barabara ya Likoni tukaanza kupanda kwenda Kwale. Hata jina la Ng'ombeni siku hiyo nililiona bishara njema, maana mwenye haja haishi kujipa moyo.

Baada ya mji wa Kwale msitu wa Shimba ulitupa baridi kidogo, halafu tukateremka upande wa pili na nchi ikabadilika. Minazi ilikwisha. Tukakutana na vumbi jekundu, miiba, na punda waliobebeshwa madumu ya maji. Nilimwuliza shemeji maji hayo yanatoka wapi. "Mbali," alisema, na akaendelea kukwepa mashimo.

Saa tano tulibisha hodi. Mama Mbeyu, yule niliyempigia simu, ni mama wa makamo, mwepesi wa kucheka, na alitupokea kwa maji ya kunywa hata kabla hatujakaa. Nilimwamkia mumewe shikamoo, akaitikia marahaba huku akinionyesha kwa fahari kijisahani cha sola juu ya bati. Nami kwa udadisi wangu nikamwuliza kwa nini hawapikii hicho.

"Mwanangu, hicho chawasha taa na kuchaji simu," alisema. "Sufuria ya ugali ni mzigo mzito kwake. Tungetaka cha kupikia tungeezeka nyumba nzima, na betri zake tungezitoa wapi?"

Mtambo wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, nao nilitarajia kitu cha ajabu zaidi. Ni shimo lililojengewa na kufunikwa vizuri, lina mdomo upande mmoja na tundu la kutokea upande wa pili. Kila asubuhi ndoo mbili za kinyesi hukorogwa na ndoo mbili za maji, uji huo ukamiminwa mdomoni. Ndani unaoza, gesi inapanda na kupita kwenye bomba mpaka jikoni. Makapi yanayotoka ni mbolea. Niliinama nikanusa, na kumbe hayanuki kama nilivyoogopa.

Lakini mdomo wa mtambo ulikuwa mkavu. Karibu na mlango niliona mafiga matatu na majivu mapya, na zizi lilikuwa tupu.

"Ng'ombe wako malishoni?" niliuliza.

Mama Mbeyu alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. "Mwanetu ameoa," alisema. "Ng'ombe wote wanne wamekwenda kwa wakwe, wiki ya tatu hii. Wamebaki mbuzi tu, na kinyesi chao hakitoshi."

"Si ukaombe kinyesi tu huko kwa wakwe? Mahari ni ng'ombe, si mavi yake."

Wote wawili waliangua kicheko, na shemeji akanifinya. "Niingie zizini kwa wakwe na ndoo?" alisema Mama Mbeyu. "Watasema nimekuja kuwakagua ng'ombe. Watasema tumetoa ng'ombe na sasa twadai mkia. Bora nipikie kuni, mwenzangu, kuliko mke wa mwanangu asikie maneno hayo."

Kisha akanishika mkono tukaingia jikoni. Kuta zilikuwa safi, hakuna hata alama ya masizi, nikamkumbuka mama nikaona wivu wa kweli. Alifungua bomba, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukachanua bila moshi wala harufu. Akateleka chai. Ilipoanza kuimba, moto ulinywea, ukarudi kidogo, ukazima.

"Ndio huo," alisema. "Siku zote hizi napikia nje ili huo kidogo nikuwekee wewe uuone."

Chai tuliimalizia kwenye mafiga. Sijawahi kukirimiwa hivyo, na machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Alasiri tulirudi. Njiani nilikuwa nikiwaza kwamba kwao ng'ombe hupatikana na maji hutafutwa mbali, na kwetu maji yapo ila ng'ombe sina hata mmoja. Mtambo nisingeweza kuulisha. Niliumia, maana nilikwisha kumwahidi mama.

Magharibi ilitukuta nyumbani. "Umeuona?" mama aliuliza.

"Nimeuona, mama, lakini hautufai. Kuanzia kesho nitakaanga mimi, wewe ukae nje."

"Na kifua chako wewe ni cha chuma?"

Nilikuwa nimeutafutia moshi dawa mpaka Kinango, na nilichorudi nacho ni kuuhamisha kutoka kwake kuja kwangu. Siku ya pili akiba ya mtambo niliigeuza mtungi wa gesi na jiko lake. Mtungi hauhitaji zizi, ila ukiisha haungoji upate pesa, na bei yake hupanda bila kubisha hodi. Ilibidi na hamri lipande.

Mteja wa kwanza wa bei mpya alikuwa dereva wa tuktuk anayewapelekea mahamri wafanyakazi wa hoteli za Diani. Alilalamika kwa sauti mtaa mzima ukasikia, akaapa kwamba ya kuni yalikuwa matamu zaidi. Nilijiandaa kumbembeleza, lakini mama alinitangulia.

"Baba, ukiyataka ya bei ya zamani, kuni bado zipo. Ingia jikoni uvute na moshi wake. Mimi wangu nimeshauvuta."