Inchi Tatu za Delmar

Mdogo wangu Delmar ni mjuaji tangu tumboni. Ameuza bima, ameuza madirisha, amefuga nyuki wakamhama, na alipotimiza miaka hamsini akatazama video tatu akawa fundi bunduki. Kentucky yetu hii ina wanaume wengi wa namna hiyo. Sisi Mungu alitupa wetu wa nyumbani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Mama, ya marisau, zile chembe za risasi zinazotoka nyingi kwa mpigo mmoja, mtutu mmoja mrefu, kitako kimebanduka vanishi, mdomo una kutu na kibonyeo kidogo. Ikiwa na sura hiyohiyo, Mama alikuwa ameshinda nayo mapaja kumi na tisa ya nguruwe katika shindano la shabaha la kila Novemba pale kituo cha zimamoto. Kila mtu huifyatulia kadi yake ya shabaha mara moja tu, na mwenye tundu lililo karibu zaidi na msalaba wa katikati ndiye anayeondoka na paja. Mama ana miaka themanini na mmoja, na jicho lake la kulia linazidi kufifia. Alikuwa ametuambia wazi kwamba anataka la ishirini, kisha basi.

Septemba Delmar akaja.

"Mama, nipe hiyo bunduki niikarabati. Huoni aibu kusimama nayo mbele za watu?"

"Aibu ya nini? Wanaoona aibu ni wale ninaowashinda."

"Nataka uwe nayo nzuri tu, mama'ngu."

Akampa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu wetu anadeka mpaka leo ana kipara.

Wiki sita gereji yake ilinuka vanishi. Nilipita siku moja nikamkuta na aproni mpya ya ngozi, mkono mmoja msasa, mkono mwingine simu, anajipiga picha. Alipomaliza, kitako kiling'aa na ubavuni alikuwa amechonga bata aliyefanana na kiatu. Sikatai, kwa mbali ilipendeza. Lakini niliona imepungua.

"Mbona fupi?"

"Nimekata inchi tatu mbele, dada. Kulikuwa na kutu na kile kibonyeo. Nimeusawazisha mtutu."

"Ulimuuliza nani?"

"Fundi haulizi."

Asiyejua maana haambiwi maana. Nami sikujua zaidi yake, nikaenda zangu.

Siku ya shindano Mama alisimama kwenye mstari, akalenga kwa muda mrefu kuliko kawaida, akafyatua. Hobart, mkuu wa zimamoto, akaenda kuileta kadi, akarudi nayo taratibu. Miaka yote marisau ya Mama yalisongamana katikati. Safari hii matundu yalikuwa pembeni, manne au matano, na msalaba ulikuwa mzima.

"Jicho langu," Mama akasema kwa sauti ndogo.

"Si jicho, Bibi Arvella." Hobart aliifungua bunduki, akahakikisha ni tupu, akatia kidole mdomoni mwa mtutu. "Nani kakata hapa?"

Delmar akajitokeza kifua mbele. "Mimi. Kulikuwa na kutu."

"We bwana! Hapo mbele ndipo mtutu unapobana, ndipo marisau yanapokusanywa. Umekata mbano wote! Sasa hii inamwaga tu kama ndoo."

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, nikamtazama Mama, nikaacha. Alikuwa bado anaitazama ile kadi, na mimi nilimchukia ndugu yangu siku ile, nasema kweli.

"Hicho kipande kiko wapi?" Mama akauliza.

Delmar akatoa funguo zake za gari. Alikuwa amekisugua kikang'aa, akakitundika humo kama pambo. Mama akakichomoa kwa kucha, akakitia mfukoni mwa koti, kisha akamwekea bunduki mikononi.

"Si ulikuwa unasema nikifa iwe yako? Chukua sasa. Kaitundike ukutani."

Na yule mjinga akasema asante.