Mtani Aliyezuia Jeneza

Unga wa muhogo ukinyeshewa hutoa harufu ya soksi za mwalimu wa zamu, na msimu ule wa mvua, nilipokuwa darasa la tatu, harufu hiyo ilijaa jikoni kwetu Ruhuwiko. Ulikuwa unga wa Mama Zaituni, Myao aliyekimbia vita Msumbiji na kupanga chumba uani kwetu. Yeye na wenzake kutoka ng'ambo ya Ruvuma waliuza unga na karanga nje ya uzio wa soko, kwenye matope, na mvua ikishuka walikimbilia kwetu na mabeseni kichwani. Redio ilikuwa ikitangaza kwamba biashara sasa ni ruksa kwa kila mtu. Kwetu ruksa iliishia kwenye uzio: meza za ndani, zenye paa la bati, zilikuwa za wenyeji.

Mama yangu alikuwa na kikundi cha akina mama wa mtaani, ambacho ofisi yake ni jiko letu na mshahara wake ni chai ya rangi. Walikuwa wamewapigania watoto wa wageni mpaka wakapokelewa shuleni. Sasa walitaka meza. Kila Jumatatu Mama alivaa gauni lake la kanisani akaenda kwa Mzee Komba, mwenyekiti wa soko. Mzee alimpa kiti, akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mama, hawa ni wageni. Watarudi kwao." Mama alirudi, akalifua gauni, akalianika tayari kwa Jumatatu nyingine. Nilimwambia gauni litaisha kabla Mzee Komba hajachoka. Nikapigwa konzi.

Kisha mama mzazi wa Mzee Komba akafariki. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, tangu babu zetu walipopigana, na mtani ana ruhusa ya kufanya vituko msibani hata mbele ya maiti, hafukuzwi. Jeneza lilipotolewa uani, Mama Zaituni akatokea amejitanda khanga, anachechemea na fimbo kama bibi mwenyewe, aliyekuwa mteja wake. "Ongeza karanga, mwanangu," akaiga sauti ya marehemu, "jino limebaki moja, ila lina njaa ya meno yote." Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Akalala chali njiani, mbele ya wabebaji. "Wangoni nyie, huyu hapiti. Mmemlisha karanga za matopeni mpaka amekufa."

Kwa desturi, mtani kama huyo hupewa kitu kidogo ndipo ainuke. Mzee Komba akamwekea noti kifuani. Mama Zaituni akaipeperusha. "Mimi nataka meza, mtani." Padri akatazama mawingu. Wabebaji wakabadilishana mabega. Neno la Mzee Komba la kila Jumatatu, "wageni", sasa halikumfaa, maana mgeni hazuii jeneza la Mngoni, anayelizuia ni mtani, na uwanja mzima ulikwisha kucheka.

"Inuka, mtani. Meza utapewa."

"Na wenzake, Mzee," sauti ya Mama ikatoka katikati ya wanakwaya.

"Na wenzake. Sasa niachieni mama yangu apite."

Jumatatu iliyofuata Mama alivaa gauni lile lile, akawasindikiza mmoja mmoja mpaka kila beseni likakaa juu ya meza.

Leo niko kidato cha pili. Vita ng'ambo vimekwisha, wengi wamerudi kwao, na Mama Zaituni amebaki na meza yake, akiniita kwa utani mla panya kila nikipita. Nilidhani jambo lile tulikwisha kulimaliza. Lakini wiki hii ameletwa darasani kwetu binti kutoka Msumbiji, na mwalimu wetu amemkalisha sakafuni, eti madawati ni ya waliotangulia. Mwalimu huyo ni Myao wa Tunduru. Darasa letu lina mlango mmoja, na kipindi chake ni cha kwanza. Kesho nitalala pale mlangoni, chali, nizione hizo soksi zake kwa karibu, na siinuki mpaka binti apate dawati.