Naan ya Fundi wa Kuchomelea

Baba yangu huchomelea mageti. Kwa miaka thelathini aliingia jikoni kwa mambo mawili tu: kutafuta kiberiti na kuuliza kama chakula kiko tayari. Mama alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia, tulikula mayai siku nne mfululizo, na ya siku ya nne yalikuwa na maganda ndani.

Shangazi, dada yake Baba, akapiga simu, Baba akaiweka mezani kwa sauti ya juu. "Kaka, Jumamosi naja na begi langu. Nitakaa hapo mpaka wifi apone. Wewe na jiko wapi na wapi?"

Mama alinyong'onyea. Yeye na wifi yake hawapikiki chungu kimoja. Nilipozaliwa mimi, Shangazi alikuja kwa wiki mbili akakaa miezi saba, na vyombo alivyovihamisha vingine hatujavipata hadi leo. "Bora nile maganda," alisema Mama, machozi yakimlengalenga.

Baba akaivuta simu. "Njoo, lakini utakula nilichopika mimi. Kisipolika, ukae. Kikilika, urudi na begi lako." Shangazi alicheka mpaka akapaliwa.

Baba akamgeukia Mama. "Haya, mama watoto, unatamani nini?"

Mama alitamani naan, ule mkate wa Kihindi. Alikuwa ameiacha miaka mingi kwa sababu hamira humvimbisha tumbo. "Basi hamira tunaitupa," alisema Baba, kana kwamba anajua hamira inafanya nini.

Ijumaa Mama alikaa kwenye stuli, mkono umening'inia shingoni, akitoa amri. Unga wa ngano, mtindi, chumvi, baking poda kijiko kimoja. Baba aliukanda unga kama ana ugomvi nao, ukatoka mgumu kama soli. Akaanza upya, safari hii kwa upole, akauacha upumzike chini ya kitambaa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mkate ulitakiwa kulowanishwa upande mmoja, ubandikwe kwenye kikaango, kisha kikaango kigeuzwe juu chini ili uso wake uchomwe na moto wenyewe. Baba alichukua kikaango kipya cha Mama, kile kisichogandisha kitu. Alipokigeuza, mkate ukaanguka puu juu ya jiko na kuzima gesi. Wa pili vilevile. Wa tatu nikacheka, nikafukuzwa.

Nilichungulia dirishani. Baba alikuwa amesimama, unga mpaka kwenye nyusi, anakitazama kikaango kama anavyotazama geti lililokataa kushika. Mara akatoka, akarudi na brashi ya waya kutoka karakana, akashusha kikaango kikuukuu cha chuma, cheusi kwa mafuta yaliyogandia.

"Baba watoto, hayo ni mafuta ya miaka kumi na minane," Mama alilalamika.

"Ndiyo yatakayotuangusha. Chuma chenye mafuta hakishiki kitu. Hii ni kazi yangu, niachie."

Akakisugua mpaka kikang'aa. Akakipasha moto, akalowanisha mkate, akaubandika, akakigeuza. Nilifumba macho. Mkate ukang'ang'ania. Ukavimba mapovu, ukapata madoa meusi, na harufu ikanifikia dirishani. Mama alikula wa kwanza umepakwa siagi, akanyoosha mkono apewe wa pili. Baba alivimba kichwa, na nilimpenda sana siku ile.

Jumamosi Shangazi alifika, begi kwapani, aproni tayari kiunoni. Baba alipika mbele yake, mkate baada ya mkate, na hakuna hata mmoja ulioanguka. Shangazi alikula wa kwanza akitafuta kasoro. Wa pili alisahau kutafuta. Wa tano aliufunga kwenye kitambaa, eti ni wa njiani. Kisha akafungua aproni yake taratibu.

"Wifi, sasa nije lini?" aliuliza.

Mama alimshika bega kwa mkono wake mzima, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Siku yoyote, wifi. Uje bila begi."