Talasimu ya Mzee Mihambo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nusura nimtie jela mtu asiye na kosa, kisa kujisikia kwangu. Nilikuwa mkalimani wa Bwana DC hapa Tabora, kaptula imepigwa pasi, Kiingereza nakitoa puani. Bwana DC mwenyewe, Mwingereza, alikuwa mgeni, Kiswahili bado hajakijua.

Akaletwa Mzee Mihambo wa Ntalikwa, pagazi wa zamani aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani. Ng'ombe wa jirani yake walikufa, akashtakiwa uchawi. Askari walikuta kipochi cha ngozi juu ya mlango wake. Akaulizwa ni nini.

“Talasimu,” akajibu. “Niliandikiwa Bagamoyo, inirudishe kwetu salama.”

Mimi, mjinga wee, niliona haya kulitamka neno hilo mbele ya Mzungu. Nililiona la kishamba. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anasema ni dawa ya kichawi. Bwana DC akaandika, akasema hukumu ataisoma mchana.

Nikatoka nje, nikamkuta mzee amekaa na askari, mkewe analia. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

“Askari huyu anajua Kiingereza kidogo, kanieleza ulichosema,” akasema. “Neno langu umelipeleka wapi, kijana?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbilia ofisini, nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Lahaula! Limo: talisman. Waingereza wamelipata kwa Waarabu, kama sisi, na Waarabu kwa Wagiriki wa kale, kwao likiwa na maana ya ibada iliyotimizwa. Neno nililolionea haya, wenye Kiingereza wamelitunza kitabuni mwao!

Nikarudi kwa Bwana DC, nikakiri kosa langu na kumwonyesha ukurasa. Alinikaripia mpaka jasho likanitoka. Kisha akakifungua kipochi, akatoa karatasi ya Kiarabu, akaita mwalimu wa chuo cha Kurani aisome. Kumbe ni dua ya msafiri tu. Mzee akaachiwa.

Loo, nilipumua, mwanangu! Machozi yalinitoka mbele ya askari, wala sikujali. Mzee alipofika mlangoni akanigeukia.

“Marahaba,” akasema. Ile shikamoo yangu ndiyo kwanza anaiitikia.

Basi ukisimama kumsemea mtu, lifikishe neno lake kama alivyolitoa. Na ukikosea, rudi upesi useme, hata kama utaaibika. Mungu akupe ulimi wa kweli, mwanangu, na kila shikamoo yako ipate marahaba yake.